Gia Iliyolala kwa Baridi

Nazungumza nanyi kutoka Minneapolis, jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, mahali ambapo mwezi Januari mtu akikuuliza umeamkaje, jibu la kweli ni idadi ya soksi ulizovaa. Mimi leo nimevaa jozi mbili, na vidole vyangu vinanuka mafuta ya cherehani. Mafuta hayo ndiyo yaliyonileta kwenye maikrofoni.

Jumatatu asubuhi kipimajoto cha dirishani kilisoma nyuzi 19 chini ya sifuri. Chai ilikuwa bado iko jikoni mlango ulipogongwa. Kumbe ni kijana wa ghorofa ya chini, mzaliwa wa Lubumbashi, anayefanya kazi ghalani na kwenda kazini kwa baiskeli, jua liwake au theluji ianguke. Baiskeli yeye anaiita kinga, ndivyo wanavyosema kwao, na gia anaziita vitesi. Theluji inamdondoka mabegani, kope zimeota barafu. "Jambo papa," akasema, "vitesi inakatala." Yaani gia zinagoma.

"Ingia mwanangu," nikamwambia, "na baiskeli yako iingize, chai iko tayari." Hapo nilikosea, na kosa lenyewe nitalieleza. Baiskeli tukaiegemeza ukutani karibu na kipasha joto, tukanywa chai, tukaulizana habari za kwetu na kwao, nusu saa ikapita. Tulipoinuka nikabonyeza wenzo wa gia: ta! Nikabonyeza tena: ta, ta! Gia zinaingia moja baada ya nyingine kana kwamba baiskeli imetoka dukani jana. Kijana akabaki mdomo wazi. Unamjua yule mzazi anayembeba mtoto usiku wa manane, homa inamchoma, akifika tu mlangoni pa zahanati mtoto anashuka na kuanza kumkimbiza paka? Basi ndivyo alivyosimama pale. "Papa, nakuapia, ilikuwa inakatala."

Nilimwamini. Ugonjwa huo naufahamu, ulinipata mimi kwanza. Lakini kazi ilikuwa inamsubiri, akaondoka. Haikupita robo saa mlango ukagongwa tena, na safari hii wenzo ulikuwa umelegea kabisa, unakwenda mbele na kurudi kama mlango usio na kitasa. Akaenda kazini kwa basi, na baiskeli akaniachia mimi.

Robo saa hiyo muishike akilini. Chuma hakipoi papo hapo. Ukiitoa baiskeli ndani ya nyumba yenye joto, kidude cha gia hubaki na joto lake kwa dakika kadhaa, kinafanya kazi vizuri, unajipongeza, halafu baridi inaingia taratibu mpaka kwenye kiini. Ndiyo sababu fundi akiijaribu baiskeli ndani ya karakana yenye joto haoni kitu. Atakwambia gia ni nzima, na kwa pale aliposimama anasema kweli.

Sasa tukifungue hicho kidude. Wenzo wa gia, ule wa kubonyeza kwa kidole gumba kwenye usukani, kwa nje ni plastiki tu. Ndani yake mna kazi ya fundi saa. Kuna kigurudumu chenye meno ambacho waya wa gia unazungushiwa, na kuna vindoano vidogo vinavyoyakamata meno hayo. Ukibonyeza, kindoano kimoja kinasukuma jino, kigurudumu kinazunguka hatua moja, kindoano kingine kinakikamata kisirudi, na wewe unasikia ta. Kila kindoano kinasukumwa na springi nyembamba, nyingine unene wake ni kama wa sindano ya kushonea. Na vyote hivyo vinaogelea kwenye grisi iliyopakwa kiwandani.

Hatua yenyewe ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kwenye baiskeli ya gia 8 za Shimano, kila ta inavuta waya milimita 2.8 tu, na kule nyuma mnyororo unahama milimita 4.8 kutoka sahani moja ya meno hadi ya jirani yake. Kwa kipimo hicho, uchafu usiozidi unene wa ukucha unatosha kuvuruga kila kitu.

Zamani haikuwa hivyo. Kabla ya mwaka 1984, Shimano walipoleta gia za hatua kwa hatua kwenye vifaa vyao vya Dura-Ace, wenzo wa gia mara nyingi ulikuwa kijiti kilichobanwa kwa skrubu. Hakuna jino, hakuna kindoano. Unakivuta mpaka sikio likuambie mnyororo umekaa. Vijiti hivyo bado nawaona wazee wa hapa wanavyo kwenye baiskeli zao za Januari, na hawavibadili hata uwape vipya bure. Kijiti hakina cha kuganda.

Na grisi ni nini hasa? Ni mafuta yaliyokamatwa na sabuni. Sabuni ndiyo inayoyafanya yakae mahali pamoja yasitiririke. Miaka inapopita, mafuta huvuja kidogo kidogo na kukauka, sabuni inabaki, inakuwa kama nta, kisha kama gundi. Kwenye joto gundi hiyo hulainika kiasi, vindoano vinajikongoja vinafika. Zikifika nyuzi 10 chini ya sifuri, ile springi ya unene wa sindano haina nguvu tena ya kukisukuma kindoano kwenye jino. Kimenasa. Wewe unabonyeza, kigurudumu hakina habari.

Mimi baridi siilaumu sana. Wenzo mpya utapita kwenye baridi ileile bila shida, na wenye umri wa miaka 15 utashindwa. Uzee wa grisi ndio ugonjwa, na baridi ni kama yule jirani mwenye domo anayeutangaza.

Nilivyopatwa mimi ilikuwa hivi. Hapa mjini kuna njia ya baiskeli inayoitwa Midtown Greenway, ina urefu wa karibu kilomita 9, imepita kwenye handaki la wazi ambalo zamani lilikuwa la reli. Usipite njia za magari, shuka huko chini, uende ukitazama madaraja juu ya kichwa. Majira ya baridi wanaikwangua theluji, na mara nyingine inakuwa safi kabla ya barabara za mitaani. Ubaya wake ni kwamba ukitaka kutoka lazima upande mteremko hadi usawa wa barabara. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda vizuri, tambarare, upepo mgongoni, nikaweka gia nzito nikiringa. Nilipofika kwenye mpando nikabonyeza wenzo nipate gia nyepesi. Kimya. Nikabonyeza tena na tena, kidole gumba kinauma ndani ya glavu, wenzo unakwenda mbele na kurudi bila kugusa kitu. Nikashuka, nikasukuma. Akanipita bibi mmoja mwenye mvi juu ya baiskeli yenye magurudumu mapana kama ya trekta, akanipungia mkono kwa furaha.

Angalia ujanja wa ugonjwa huu. Kidude kina nyenzo mbili: mkubwa unavuta waya, mdogo unauachia. Mara nyingi kinachonasa kwanza ni kindoano cha kuvuta. Cha kuachia kinaendelea kufanya kazi, kwa hiyo gia zinashuka upande mmoja tu, kuelekea sahani ndogo kabisa ya nyuma, ambayo ndiyo gia nzito kuliko zote, na huko zinabaki. Ukiona baiskeli imekutupa kwenye gia nzito na haikutoi, na wenzo umelegea kama ulimi wa mlevi, acha kuangalia nyuma. Tatizo liko kwenye usukani.

Ukikwama njiani hivyo, funika kidude kwa kiganja bila glavu dakika mbili tatu kama vidole vyako vinavumilia, kisha bonyeza haraka haraka mara 20 au 30. Wakati mwingine kindoano kinazinduka. Kisipozinduka, nyuma kwenye kile kikono kinachoubeba mnyororo kuna skrubu mbili za kikomo. Ile inayozuia mnyororo usianguke nje ya sahani ndogo, ukiikaza, inausukuma mnyororo upande sahani moja, pengine mbili. Si gia nyepesi ya kuimbia, lakini itakufikisha nyumbani.

Nirudi kwa mgonjwa wetu wa Jumatatu, maana alikuwa na ugonjwa wa pili, na huo nilimpa mimi.

Alipoondoka kwenda kwenye basi, niliitoa baiskeli nje kwenye veranda nikaushika ule waya unaopita wazi chini ya bomba la fremu. Hicho ni kipimo ambacho kila mtu anaweza kukifanya bila spana. Mtu mmoja anyanyue gurudumu la nyuma na kuzungusha pedali polepole, wewe uuvute waya mbali na bomba kama anayevuta upinde. Kikono cha nyuma kikipanda na kushuka mara moja ukiachia, waya na kava lake ni salama. Kikipanda kwa shida, au kikipanda kisha kikachelewa kushuka, kuna kitu ndani ya kava. Nilipovuta mimi, waya haukutikisika. Ulikuwa umekuwa fimbo.

Barafu. Ilitoka wapi? Kwenye ukarimu wangu. Baiskeli iliingia ndani ikiwa imejaa theluji. Kwenye joto theluji ikayeyuka, maji yakafuata waya kama yanavyofuata mfereji, yakaingia ndani ya kava. Na hata ingekuwa haina theluji, chuma baridi kikiingia kwenye nyumba ya joto kinatoka jasho, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye jokofu. Kijana akairudisha nje, maji yakaganda. Maji yakiganda hupanuka kwa karibu asilimia 9, na ndani ya kava nafasi ya kupanuka haipo, kwa hiyo yanaukaba waya. Mahali pabaya zaidi ni kile kipande cha mwisho cha kava kule nyuma, kinachopinda kama shingo ya bata kabla ya kufika kwenye kikono. Sehemu ya chini ya ule mpindo ni kisima.

Dalili za ugonjwa huu wa pili ni kinyume cha za ule wa kwanza. Wenzo unalia ta vizuri kabisa, kindoano kinakamata, lakini nyuma hakuna kinachotokea. Kama barafu ni kidogo, kupandisha mnyororo kwenye sahani kubwa kunawezekana, kwa sababu huko unatumia nguvu ya kidole chako. Kushuka ndiko kunakogoma, maana kushuka kunategemea springi ya kikono cha nyuma iuvute waya peke yake, na springi hiyo haishindani na barafu. Na kama wenzo wenyewe umekuwa mgumu, haubonyezeki, tafadhali usiulazimishe. Hapo ndipo watu wanapovunja kitu ambacho kilikuwa kizima.

Kuna na chumvi. Wanamwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu, na maji yaliyokolea chumvi kabisa hayagandi mpaka zifike nyuzi 21 chini ya sifuri. Kwa gari ni neema. Kwa waya wa gia maana yake ni kwamba siku ambayo maji ya kawaida yangekuwa jiwe, haya bado yanaruka, yanaingia kwenye kava, na yakikauka yanaacha kutu. Ukichomoa waya wa Machi kutoka kwenye baiskeli ya hapa, unatoka na rangi ya mdalasini.

Ugonjwa wa tatu nitausema upesi, ila usiuchukulie kirahisi, kwa sababu ndio unaoangusha watu. Gia zinaingia, mnyororo unahama, unakanyaga pedali kwa nguvu na ghafla mguu unakwenda chini bila kitu. Pedali zinazunguka bure mbele kama zinavyozunguka bure nyuma. Hapo ni friwili. Nayo ina vindoano vyake na grisi yake, na ile hadithi ni ileile, isipokuwa sasa goti lako linakutana na usukani. Kuna siku ilinitokea maili mbili kutoka nyumbani, na kitu pekee cha moto nilichokuwa nacho ni chupa ya chai ya tangawizi, ya maziwa, yenye sukari. Nikaimimina yote juu ya friwili. Vindoano vikaamka, nikapata dakika kama saba za kuendesha kwa heshima, kisha chai nayo ikaganda. Friwili ile niliiosha mara tatu na bado nikiinama karibu nasikia tangawizi.

Wapanda baiskeli wa majira ya baridi wana mkutano wao wa kimataifa, kwa taarifa yenu. Wa kwanza ulifanyika Oulu, Finland, mwaka 2013, na mwaka 2016 ukaletwa hapa Minneapolis na mji pacha wake wa Saint Paul. Njia za baiskeli na theluji zina wasemaji wao. Grisi iliyoganda tumeachiwa sisi wa veranda.

Tiba sasa. Kwa hili inabidi niwarudishe Tabora, mji wa miembe, nilikokulia. Chini ya mwembe mmoja baba yangu mdogo alikuwa na kibanda cha kutengeneza baiskeli. Baiskeli zenyewe ni Phoenix na Swala, nyeusi, nzito, gia moja. Mwenye gia tatu alikuwa mwalimu mmoja tu, ana Raleigh yenye kile kitovu cha Sturmey-Archer, vitovu vya Nottingham ambavyo historia yake inaanzia mwaka 1902, na tulipousikia mlio wake, tik tik tik, tulijua tuzime sigara. Pale kibandani palikuwa na bati la maziwa ya unga lililojaa mafuta ya taa. Chochote kilichogoma kiliogeshwa mle kwanza. Gololi, mnyororo, friwili. Baba mdogo hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukimletea kitu kilichokataa kuzunguka alikuwa anauliza, "Umekiosha?" Ukisema bado, anarudi kwenye kazi yake.

Wenzo wa gia uliolala unataka jambo hilohilo: mafuta mepesi ya kuitoa gundi ile ya zamani. Wengi hapa wanatumia WD-40, lile kopo la buluu na njano ambalo hata Kariakoo lipo. Lilitengenezwa San Diego mwaka 1953, na jina lake linamaanisha kufukuza maji, jaribio la 40. Kwa kuosha linafaa sana. Kwa kulainisha halikai, hukauka na kuondoka, na anayelitumia kama mafuta ya kudumu atarudi kwa fundi baada ya wiki chache.

Jumanne jioni kijana alirudi kutoka kazini tukakaa jikoni. Jiko limezimwa, dirisha tumelifungua kidogo, maana mvuke wa vitu hivi unashika moto, na kwa nyuzi 19 chini ya sifuri dirisha lililofunguliwa kidogo linakufundisha kufanya kazi haraka. Tuliuchomoa waya, tukakitoa kidude chote kwenye usukani. Hilo ni muhimu: ukipuliza dawa kidude kikiwa bado kwenye baiskeli, tone likiangukia kwenye diski ya breki au kwenye ringi, utakuwa umeponya gia na kuua breki. Kikafunguliwa kifuniko kwa bisibisi ndogo ya nyota. Kikafunguliwa kifuniko tu. Anayeendelea zaidi ya hapo, springi zitaruka na nyingine hataziona mpaka siku ya kuhama nyumba.

Tukaingiza kile kimrija chembamba cha kopo katikati ya vindoano, tukapuliza, nikamwambia abonyeze. Akabonyeza. Hakuna kitu. Puliza, bonyeza. Mara ya 10, mara ya 30. Kwenye sahani tuliyoikinga chini likaanza kudondoka tope la kahawia, zito kama mchuzi wa juzi. Kijana akaniangalia kama vile tunamtapisha mtu. Kwenye mara ya 60 hivi kikasikika kitu, siyo ta kamili, ni kama mtu anayekohoa chumba cha pili. Puliza tena. Tope likageuka maji ya chai, maji ya chai yakageuka maji meupe, na ta ikarudi, kwanza moja katika tatu, halafu kila mara.

Wenzo ulipokuwa unalia bila kukosa tukauacha ujichuje nusu saa, kisha matone machache ya mafuta ya cherehani kwenye kila kindoano. Mafuta ya cherehani ni mepesi, hayagandi upesi, na kila nyumba yenye fundi nguo inayo. Usirudishe grisi nzito. Najua mkono wa fundi unaona aibu kufunga kitu bila kukipaka grisi. Uvumilie aibu hiyo.

Waya na kava tulivibadilisha. Mnaweza kuvikausha, kwa kudondoshea spiriti ya hospitali ndani ya kava na kupuliza mpaka itoke upande wa pili, na mimi nimefanya hivyo mara nyingi mfuko ukiwa mwepesi. Lakini waya uliokwisha kuota mdalasini haustahili huruma. Tulipokwisha kuufunga mpya nikaukaza kwa ile nati ya kurekebishia waya, robo mzunguko zaidi ya ambavyo ningeukaza Julai. Kijana akataka kujua kwa nini. Fremu yake ni ya aluminiamu, waya ni wa chuma, na aluminiamu hunywea kwa baridi karibu mara mbili ya chuma. Waya uliolala futi mbili kwenye fremu, joto likishuka nyuzi 40 kutoka sebuleni hadi nje, unabaki umelegea karibu robo ya milimita. Kumbukeni hatua nzima ni milimita 2.8. Robo hiyo inasikika masikioni, mnyororo unakwaruza sahani ya jirani kama mtu anayesita mlangoni.

Nimesema wenzo uliolala, na neno hilo nimelichagua kwa sababu ya nyumbani. Kule kwetu baiskeli za mtumba zinashuka kwenye makontena zikiwa na gia 18, 21, na nyingi nyenzo zake hazilii. Mafundi wanazing'oa gia zote, wanafunga mnyororo mfupi kwenye sahani moja, wanauza. Siwalaumu. Anayebeba mkaa au maji anataka mnyororo usioruka, na gia moja haina wa kumdanganya. Lakini nyingi za nyenzo zile zinazotupwa zina ugonjwa huu huu wa Minneapolis. Grisi ikishakuwa gundi kabisa, haihitaji hata baridi, inanasa kwenye nyuzi 32 za Dar es Salaam, na vumbi linaikoleza. Kwa hiyo wewe mwenye baiskeli ya mtumba uliyeambiwa gia zimekufa, kabla hujaziruhusu zing'olewe, tafuta mafuta ya taa na saa moja ya mchana wako.

Lilibaki swali la kupima. Tumeuponya wenzo jikoni, kwenye joto, na mgonjwa huyu kazi yake ni kupona akiwa ndani. Nikakiweka kidude kwenye mfuko wa nailoni, nikakifunga, nikakilaza kwenye friza, ambayo inakaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, katikati ya kisamvu na samaki wa wiki ijayo. Mfuko ni wa kuzuia harufu, na ni wa kuzuia ugomvi pia.

Ugomvi haukuzuilika. Jumatano asubuhi nikasikia friza inafunguliwa, kukawa kimya, halafu sauti ya mke wangu: "Baba, na hiki nacho kinatiwa nazi?" Nikakichukua mikononi mwake, bado kinatoa moshi wa baridi, nikabonyeza mbele yake. Ta. Nikaachia. Ta. Nikabonyeza mara saba mfululizo mpaka akaniambia basi, nimesikia.

Kijana alikifunga mwenyewe jioni ile, kwenye veranda, kwa mwanga wa simu. Jana amekwenda kazini na kurudi. Nilikuwa najiandaa kulala mlango ulipogongwa, nikamkuta amesimama pale, theluji mabegani kama kawaida, baiskeli ameishika kwa mkono mmoja.

"Papa, vitesi inakubali," akasema. "Sasa kengele ndiyo inakatala."

Nikamwambia aingie, chai ipo. Akainua mguu kuvuka kizingiti, akaitazama baiskeli, akanitazama mimi, kisha akairudisha nyuma na kuifunga kwenye nguzo ya veranda.